Ben Mtobwa na hawa vijana "wasiosoma"

Hivi nani aliyeanzisha huu wimbo kwamba vijana wa Bongo hawasomi? Kila anayeshika kipaza sauti anauimba. Mimi nimekulia Temeke na nasema wazi siukubali. Mtaani kwetu Tandika kitabu cha Ben Mtobwa kilikuwa kinapita mkono kwa mkono mpaka jalada linang'oka na kurasa za mwisho zinapotea. Ikabidi umtafute aliyekusoma kabla yako akusimulie Joram Kiango alichomokaje. Na wasomaji wenyewe walikuwa makonda, mafundi viatu na wanafunzi. Sasa hao wasiosoma ni akina nani?

Kwa waliozaliwa juzi: Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, akafariki Novemba 2008 akiwa na miaka 50 tu. Mpelelezi wake Joram Kiango ndiye aliyempa jina, kama Willy Gamba alivyompa jina Elvis Musiba. Lakini msidhani ni risasi na warembo peke yake. Katika Tutarudi na Roho Zetu (1987) Joram anapambana na makaburu, wakati ambapo Afrika Kusini ilikuwa bado mikononi mwao. Zawadi ya Ushindi inatukumbusha vita vya Kagera na vijana waliorudi na makovu. Dar es Salaam Usiku (1990) inaingia kwenye jiji ambalo mtu wa Mwananyamala analijua bila kuelekezwa, na mwaka 1999 ilitoka kwa Kiingereza.

Vitabu vyake vingi vilitoka Heko, kampuni yake mwenyewe. Jamani, mnajua maana yake? Unaandika, unatafuta hela ya karatasi, unamlipa mpiga chapa, halafu unamsubiri muuzaji wa mkoani alete mauzo. Ubaya wake ni kwamba mwandishi akiondoka, anaondoka na mhariri, na mchapishaji, na msambazaji kwa siku moja.

Wasomi wakaziita hizi riwaya pendwa, na wengi wakaelewa kuwa ni vitabu vya kupotezea muda. Sekondari miaka ya 2000 tulisoma Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Maman'tilie. Sina ugomvi navyo hata kidogo. Ila hivyo tulivisoma kwa ajili ya mtihani, Joram tukamsoma chini ya dawati kwa hiari yetu. Mwalimu akikukamata anakinyang'anya kitabu, halafu anakwenda kukimalizia yeye!

Tangu mwaka 2022 tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10. Safi sana. Lakini tuzo inaibua miswada mipya. Aliyekwisha kutufundisha kusoma tunamfanyia nini?

Ninachoomba si sanamu wala jina la barabara. Kitabu kimoja tu cha Mtobwa kiingizwe kwenye orodha ya sekondari. Shule zikiagiza, mchapishaji anakuwa na sababu ya kuwasha mitambo, na warithi wanapata chao.

Na sisi mashabiki tusijifiche. Tunatumiana kurasa zilizopigwa picha kwa simu, tunasifia "enzi zile", basi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi miaka 50 baada ya mwandishi kufa, maana yake za Mtobwa zina wenyewe mpaka 2058. Shabiki wa Simba au Yanga ananunua tiketi na jezi. Shabiki wa Joram ananunua nini?

Tukiendelea hivi, mtoto wa leo wa Mbagala hatapata hata hicho kitabu kisicho na jalada. Halafu tutamwita asiyesoma. Au mnasemaje wenzangu?