Tatizo liko ndani ya ukuta
Mimi ni fundi bomba, na nyumba za serikali nimezifanyia kazi miaka mingi. Ndiyo maana habari ya vijiji vya wabunge wa Afrika Kusini kule Cape Town (Acacia Park, Laboria Park na Pelican Park) imenigusa. Bunge liko Cape Town na wizara ziko Pretoria tangu 1910, kwa hiyo mbunge wa mkoa wa mbali kama Limpopo lazima apatiwe pa kulala. Hilo silipingi hata kidogo. Shida ni matunzo. Bodi ya kusimamia vijiji hivyo ipo kwa sheria ya 1998, ila mwenye majengo ni wizara inayohusika na majengo ya serikali.

Niliwahi kuitwa kwa mtumishi mmoja wa umma. Ukuta wa bafuni ulikuwa umepakwa rangi mpya mara tatu. Ukiubonyeza, kidole kinazama. Ndani, elbo moja ya bei ya soda ilikuwa inavuja. Ombi la kuinunua lilikaa miezi mitano likisubiri saini!

Kabla ya zabuni ya ukarabati mkubwa, kila kijiji kipewe stoo ya vipuri, fundi wa kudumu, na msimamizi mwenye ruhusa ya kununua kitu kidogo siku hiyohiyo. Na daftari la matengenezo la kila nyumba liwekwe wazi, wananchi walisome.