Mto Hauhami

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana nyumbani kwetu, nalo ni mpango mpya wa bonde la mto Msimbazi, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako majumba ya ghorofa yamekusudiwa kusimama kando ya mto. Huenda msomaji akauliza: sisi wa Dodoma, tulio mbali na mto ule kwa kilomita zaidi ya 400, yatuhusu nini? Namwomba anivumilie. Mwisho wa habari hii uko hapa hapa kwetu, kwenye korongo.

Kila mtoto wa Dodoma amepata kusimuliwa asili ya jina la mji huu. Wazee wa Kigogo husema tembo alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama topeni asiweze kutoka, na watu wakapaita mahali pale Idodomya, yaani hapo alipodidimia. Hadithi hii naipenda kwa sababu mji wetu ulipata jina siku mnyama mkubwa alipokidharau kijito kidogo. Watu wa mjini, nasi twajiona wakubwa, tumekuwa tukifanya kama yule tembo.

Basi turudi Msimbazi. Bonde lile liliachwa wazi katika ramani ya jiji ya mwaka 1979, kwa kuwa ni njia ya maji. Lakini watu walihitaji pa kulala karibu na kazi, na Kariakoo iko hatua chache tu, hivyo nyumba zikaongezeka mwaka hata mwaka. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mabwepande ni mbali na soko, na baadhi yao walirudi bondeni. Mwishoni mwa mwaka 2015 Serikali ilibomoa nyumba, lakini bonde halikubaki tupu. Wala kosa halikuwa la maskini peke yao, maana hata karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa pale Jangwani, na maji yakaiingia mara kwa mara.

Mwaka 2018 shauri likageuzwa. Wataalamu, watu wa Serikali na wakazi walikaa pamoja wakachora mpango mwingine. Mto upanuliwe, katikati pawe bustani kubwa ambayo maji yataruhusiwa kuifunika mvua zinapozidi, na kingo ziinuliwe kwa udongo ili juu yake pajengwe mitaa mipya ya ghorofa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi ya bonde hilo, na baadaye nyumba za bondeni zikaanza kuondolewa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, nami niliyasikia kwetu sebuleni, kwa sababu shangazi yangu aliishi bonde lile kwa miaka mingi. Nyumba yake ya vyumba vitatu aliijenga kwa faida ya maandazi. Mwaka 2024 alifunga mizigo yake akaja kwetu Dodoma, na tangu hapo kila mgeni anayeingia humwuliza habari za Msimbazi, na kila mmoja ana rai yake.

Wa kwanza husema, "Tuliambiwa bonde halikaliki. Leo imekuwaje likalike kwa maghorofa?" Neno hili ni chungu, na ni rahisi kulishangilia. Hata hivyo lina jibu. Chumba kilichojengwa juu ya tope, usawa wa mto, si sawa na jengo lililowekwa juu ya ukingo ulioinuliwa, huku mto umeachiwa nafasi ya kupumua. Maadamu kazi ifanywe kweli kama ilivyochorwa, mtu anaweza kulala salama mahali ambapo jana hakuweza.

Wa pili hulalamikia ghorofa zenyewe. Bibi yangu ni mmoja wao. Alipooneshwa picha ya nyumba za namna hiyo aliuliza, "Kinu nitakiweka wapi? Nikitwanga uwele ghorofa ya tano, huyo wa chini atalala?" Tulicheka sote, lakini nilipokwenda kulala niliona kwamba swali lake halikuwa la mzaha. Mtu wetu hutumia ua kuliko chumba. Uani ndipo tunapopika, tunapoanika mlenda, tunapofua, na ndipo tunapolaza maiti wetu kabla ya mazishi. Anayechora ghorofa asiyafikirie hayo amejenga nyumba ya watu wengine. Dawa yake lakini ni kumwuliza bibi kabla kalamu haijashika karatasi, si kukataa ghorofa. Ua wa pamoja chini, jiko lenye hewa, paa la kuanikia: hayo yanawezekana.

Wa tatu ni shangazi mwenyewe. Huwa hasemi mengi. Siku moja tu, watu walipokuwa wakibishana kama majengo yatakuwa mazuri au mabaya, alisema, "Mnabishania mlango ambao hamjui utafunguliwa kwa nani."

Bwana Mhariri, kwa maoni yangu neno hilo ndilo kiini cha shauri lote. Bonde ni la mto, na mto hauhami, hivyo lazima binadamu ahame. Lakini kama ahamaye ni yule mdogo, na baadaye penye ukingo mzuri waingie wengine wenye mali, basi tumemhamisha mtu kutoka hatari moja tukamtupa katika nyingine. Aliyeondolewa bondeni na awe wa kwanza kupewa mlango katika majumba yanayojengwa pale, kwa bei au kodi anayoiweza.

Asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Magomeni Kota, jirani kabisa na bonde hilo, wapangaji wa nyumba za zamani waliondolewa ili eneo lijengwe upya. Walingoja miaka mingi, na wengi walikata tamaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba watarudishwa, na Machi 2022 Rais Samia alizindua ghorofa zenye nyumba 644, kwa ajili ya kaya zile zile 644. Yalikuwapo manung'uniko juu ya masharti na bei ya kuzinunua, lakini walirudi mahali pao. Ikiwa yaliwezekana Magomeni, hayawezi kushindikana mtaa wa pili.

Sasa nitimize ahadi yangu nirudi Dodoma. Oktoba iliyopita dalali alimwonesha shangazi kiwanja cha bei nafuu, kando ya korongo, si mbali na kwetu. Baba alikiona akakisifu. Mimi nilikwenda nao. Korongo lilikuwa mchanga mweupe mtupu, na watoto walikuwa wakicheza mpira katikati yake. Dalali alicheka akasema, "Mama, hapa hakuna maji hata ya kunawa uso." Nami nilimwonesha shangazi mti wa mkwaju uliopo ukingoni. Juu kuliko kichwa changu, katika matawi, palining'inia majani makavu, mifuko na kipande cha nguo. Aliyevipandisha mle ni maji ya masika.

Shangazi alivitazama kwa muda mrefu. Aliujua ule uchafu wa matawini. Alikwisha kuuona Jangwani. Halafu akanigeukia akaniuliza, "Haya mwanangu, nimekuelewa. Nioneshe basi kingine kwa fedha hii."

Sikuwa na jibu. Baba alinikemea tulipofika nyumbani kwa kumvunja moyo shangazi yake mtu. Namheshimu baba yangu, lakini katika hili siwezi kukubaliana naye, nami namwambia hapa kwa adabu zote.

Mvua yetu ya mwaka haifiki milimita 600 katika miaka ya kawaida, na kwa sababu hiyo tunasahau upesi. Miezi saba korongo hulala, na siku moja ya Januari huamka. Wakubwa waliotutangulia hawakulisahau hilo. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, wataalamu kutoka Toronto, Kanada, walichora ramani ya mwaka 1976, na wazo lake lilikuwa mji wa majengo mafupi, wa watu waendao kwa miguu na kwa basi, wenye nafasi wazi nyingi katikati ya makazi. Ramani ile imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, na hapana ubaya, kwa sababu mji umekua. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 765,179. Watu hawa wote hawatatosha katika nyumba za chini zenye ua mpana, na viwanja vyenye hati vimepanda bei tangu Serikali ihamie. Tukikataa kwenda juu, tutashuka korongoni. Njia ya tatu ni kuusukuma mji ule mashamba ya uwele na zabibu, nayo siipendi.

Kwa hiyo nashauri tusingoje yatukute ya Msimbazi, ambako nyumba zilitangulia na ramani ikafuata kwa machozi. Makorongo yetu yaachwe sasa, wakati bado kuna nafasi. Ghorofa zijengwe penye ardhi ya juu, na nyingine ziwe za watu wa kipato cha mama muuza maandazi.

Wazazi, msinunue kiwanja mwezi wa Oktoba bila kuwauliza wazee pale palikuwaje mwezi wa Januari. Walimu wetu wa jiografia, tupelekeni korongoni na kamba na vijiti, tupime maji yalifika wapi, maana somo hilo halisahauliki. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkutano wa mtaa ukiitwa kuonesha ramani, nendeni na wazazi wenu, mkawasomee yaliyoandikwa. Ramani ikishageuka jengo, maneno yetu huwa kelele tu.

Shangazi bado hajatoa fedha yake. Dalali amempigia simu mara tatu, na masika yako karibu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tano