Mtoto anasoma kwenye simu, sawa. Anaelewa?

Kama unafuatilia habari za Naivasha unajua yaliyoupata mtaa wa Kihoto. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia mtaani. Mwaka 2025 likarudi kwa kishindo zaidi na watu wakahamishwa kwa mashua. Daftari na vitabu havina ubavu wa kushindana na maji kama hayo. Basi wazo la kuwawekea watoto hadithi kwenye simu linavutia, na mimi ninayekula kwa kuandika programu naliunga mkono. Ila nina masharti.

Kwanza, tusichanganye kusoma na kuelewa. Mtoto anaweza kutamka kila neno bila kukwama, halafu ukimwuliza hadithi ilihusu nini anakutazama tu. Chukua sentensi hii: "Mvuvi aliona maji yakitikisika, akageuza mashua haraka." Ukiuliza nani aligeuza mashua, mtoto atakurudishia neno alilolisoma. Sasa uliza: kwa nini aligeuza? Hapo lazima amfikirie kiboko ambaye hakutajwa popote. Mtoto wa Kihoto anawajua viboko vizuri. Anachokosa ni mtu wa kumwuliza hilo swali.

Pili, tuangalie utafiti kabla ya kushangilia. Mwaka 2021 Furenes, Kucirkova na Bus walijumlisha tafiti 39 za watoto 1,812, wenye umri wa mwaka 1 hadi 8. Hadithi ilipohamishwa tu kutoka karatasi kwenda skrini, watoto waliielewa zaidi kwenye karatasi. Lakini pale nyongeza za kidijitali zilipohusu hadithi yenyewe, skrini ilishinda. Na ile kamusi ya kubofya neno, ambayo sisi waprogramu tunaipenda mno? Iliwaongezea msamiati, lakini haikuwasaidia kuelewa hadithi. Kwa hiyo kiboko anayeimba ukimgusa ni mapambo. Picha ya maji yanayotikisika, mtoto akiwa anasoma sentensi hiyo hiyo, ni msaada.

Na hapa Kenya je? Kabla ya mpango wa Tusome kuenea nchi nzima mwaka 2015, kulifanyika jaribio huko Kisumu. Baadhi ya shule zilipata vifaa vya kusomea kwa wanafunzi, nyingine vishikwambi kwa walimu, nyingine vishikwambi kwa maafisa wanaozunguka kuwasaidia walimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa makundi yote waliwapita wale ambao hawakupata mpango wowote, lakini kumpa kila mwanafunzi kifaa chake hakukuwaweka mbele ya makundi mengine, ingawa kuligharimu zaidi. Tusome ikaamua kuwapa maafisa vishikwambi, na watoto vitabu vya karatasi. Funzo ni wazi: kifaa hufanya kazi kikiwa nyuma ya mtu anayefundisha.

Tatu, andiko la kidijitali liwe andiko kweli. Kupiga picha kurasa za kitabu na kuzibandika kwenye faili ya PDF si kazi ya kujivunia. Faili ni nzito, inamaliza bando, na kwenye simu ndogo ya mzazi herufi ni kama sisimizi. Tazama African Storybook: hadithi zake zina leseni huria, zimo za Kiswahili na za lugha nyingine za huku kwetu, na mwalimu anaruhusiwa kuzitafsiri au kuzipunguzia ugumu zilingane na darasa lake. Hayo ndiyo karatasi haiwezi kukupa.

Kwa hiyo ningeambiwa niandike programu ya watoto wa Kihoto, ingekuwa ya kuchosha kuitazama. Hadithi fupi. Herufi kubwa. Sentensi mbili kila ukurasa. Inafanya kazi bila intaneti. Hakuna alama za ushindi wala muziki. Mwisho wa hadithi, swali moja la "kwa nini", lililoandikwa kwa ajili ya mzazi, si mtoto. Mama aliyetoka shamba la maua jioni amechoka, hana saa nzima. Dakika tano anazo, na simu ni yake.

Wanaotengeneza programu za elimu hupenda kuhesabu hadithi zilizopakuliwa. Mimi ningehesabu maswali yaliyoulizwa. Wewe waonaje?