Waifai Ikatikayo na Mtoto Atuhumiwaye

Mama mmoja alinijia baada ya darsa akimlalamikia bintiye. Kila somo la tajwidi la mtandaoni lifikapo kati, binti hutoweka, kisha hudai waifai imekatika. Mama alikwisha kuamini kuwa ni hila ya kukwepa somo. Nikamwomba asimhukumu kwanza. Kumdhania mtu uongo ni jambo zito, na mtoto naye ni mtu.

Nikaenda kwao. Laptopu yao yatumia Linux, aina ya Ubuntu. Nikaiweka kando ya simu, zote katika waifai moja. Simu ikadumu, laptopu ikakatika. Basi kosa halikuwa la kile kisanduku cha waifai, wala la kuta nene za mawe, ingawa kuta hizo nazo hudhoofisha mawimbi ya gigahezi 5 kuliko yale ya 2.4.

Sababu mojawapo ijulikanayo ni kubana umeme: kadi ya waifai husinzia ili betri idumu, na baadhi ya kadi huchelewa kuamka. Katika Ubuntu, agizo hilo limo katika faili hii:

/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Ifungue kwa idhini ya msimamizi, yaani sudo. Palipoandikwa wifi.powersave = 3, weka 2, kisha uizime laptopu na kuiwasha tena. Betri itapungua upesi kidogo. Isipofaa, usasishe mfumo mzima, kwani humo huja marekebisho ya kadi.

Kwao ilifaa. Mama alimwita bintiye pale pale, akamtaka radhi.