Mali Bila Daftari



Katika arusi zetu hapa Johannesburg, ikifika saa tano za usiku wazee huagiza Jim Reeves, na ukumbi mzima huitikia. Watanzania, Wakenya, Wakongomani, sote tunazijua nyimbo zake kwa moyo, na tunajua alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964. Hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na sisi wenyewe. Uliza katika ukumbi uleule Mwenda Jean Bosco ni nani: watajibu watu wawili, nao ni wa Lubumbashi.

Mwenda alizaliwa Katanga mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine zake akirekodi nyimbo, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kijana alikuwa peke yake na gitaa, akilipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akiimba kwa Kiswahili maneno aliyoyatunga mwenyewe. Wimbo wake Masanga ulipata tuzo ya kwanza ya Osborn ya mwaka ule. Sisi wahandisi tukiusikiliza tunalitafuta gitaa la pili, halipo. Sahani zake zilitolewa na Gallo, kampuni ya mji huu huu tunamoishi. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia. Ajali ya Mmarekani tunaikumbuka. Ya kwetu hatuna habari nayo.

Tena tunapenda kuwasifu waasi wa muziki wa kantri, Willie Nelson na Waylon Jennings. Uasi wao ulikuwa nini hasa? Si bunduki. Miaka ya 1970 walikataa wakubwa wa Nashville kuwachagulia nyimbo, studio na wapigaji. Walitaka kazi yao iwe mikononi mwao. Walipata, na santuri ya mwaka 1976 iliyowaita waasi iliuza nakala zaidi ya milioni moja.

Sasa tutazame huku. Solomon Linda alirekodi Mbube hapa Johannesburg, kwa Gallo, mwaka 1939. Mwaka 1952 aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, yeye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006, baada ya mawakili kwenda mahakamani.

Wako watakaosema: "Wazungu walituibia, basi tufanyeje?" Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo tumeifanya mto wa kulalia. Tracey huyo huyo aliandika majina, akaandika mahali na tarehe, na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 hapa Roodepoort ipo hadi leo, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Sisi tumehifadhi nini? Mpiga gitaa wetu anayetuchezesha hadi alfajiri tunamlipa nauli na sahani ya pilau. Hatuandikiani hata karatasi moja. Tunamrekodi kwa simu, tunawatumia jamaa Dubai na Toronto, na jina lake linaachwa njiani. Je, tofauti yetu na yule aliyetoa shilingi 10 ni ipi? Yeye angalau alitoa shilingi.

Kati yetu wamo wahasibu, wanasheria na wahandisi. Tunajua mkataba ni nini. Hatujengi hata choo bila mchoro na saini. Basi tunasema hivi: kila sherehe ya jumuiya iwe na mkataba wa maandishi na mwanamuziki. Kila rekodi inayotumwa iende na jina la mtunzi. Na wanamuziki wetu waliomo humu mjini tuwasaidie kujaza fomu za SAMRO, chama kinachokusanya haki za watunzi, badala ya kuwapigia makofi tu.

Jim Reeves tutaendelea kumcheza, wazee wasihofu. Lakini baada yake tupige Masanga, na mtu asimame aseme ni wa nani. Wahenga walishatuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.