Mkutubi hafunzwi kwa barua ya utambulisho

Alinijia barazani kwangu Kibokoni asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ya masika ikimwagika, mkononi ana barua iliyokwisha kulowa pembe zote nne. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya maktaba, kutoka chuo kimoja cha bara ambacho sitakitaja. Barua ilielekezwa kwa "yeyote anayehusika". Ilimwomba huyo yeyote ampokee binti kwa majuma 12, amsimamie kazi, kisha amjazie fomu ya alama na kuirejesha chuoni.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia. "Nimeelekezwa kwako. Wamesema ulikuwa mkutubi."

Nilimwitikia marahaba, nikamtilia kahawa. Kumbe alikuwa siku ya nne akizunguka kisiwani. Ofisi ya kwanza ilimtaka cheti cha bima ya ajali, na chuo hakikumpa. Ya pili ilimwambia haina mtu wa kumsimamia. Ya tatu ilimpokea kwa mikono miwili, ikampa gundi na vibandiko vya migongo ya vitabu, na saa nne ikamtuma chai. Nilimwuliza: chuo chako kinataka ujifunze nini hapa Mombasa? Akaifungua tena ile barua, kana kwamba jibu limejificha humo.

Ndugu msomaji, sina nia ya kuwalaumu waliomkataa. Mkuu wa maktaba mwenye watumishi wachache, na watoto wa shule wamejipanga mlangoni wakisubiri viti, hana wasaa wa kumfunza mgeni ambaye hakuambiwa kuwa anakuja. Lawama ni ya wanaodhani kwamba mafunzo ya nyanjani yamekwisha kupangwa pindi barua inapopigwa mhuri.

Na si kwamba Mombasa haina pa kumweka mwanafunzi wa aina hii. Kwa hakika, ukutubi wa umma katika nchi hii ulianzia hapa. Maktaba ya Seif bin Salim, pamoja na chumba chake cha kusomea bila malipo, iliasisiwa mwaka 1903, miaka 28 kabla ya Nairobi kufunguliwa Maktaba ya McMillan, ambayo kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Huduma ya Maktaba za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1965, ina tawi lake katika Barabara ya Msanifu Kombo. Pana Ngome ya Yesu, iliyokuwa gereza hadi 1958 na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina kituo chake cha kumbukumbu hapa mjini. Fauka ya hayo, Katiba ya 2010 imeziweka maktaba chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo hata wa kumwuliza tunamjua.

Lakini hazina iliyo kubwa zaidi haiko katika majumba hayo. Iko ndani ya nyumba za Mji wa Kale, katika makasha na makabati ya ukutani, imefungwa kwa vitambaa. Tangu 1990 mji huu umetangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa, na nyumba zake zimepimwa na kuchorwa, milango kwa roshani. Mimi katika umri wangu wote sijaona daftari linalotaja vitabu vilivyomo ndani ya nyumba hizo. Vipo vya fikihi, vya nahau, vya falaki na vya tiba. Zipo tenzi na kasida za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Kila masika yanapopita, unyevu na mchwa huchukua fungu lao.

Nilimpeleka yule binti kwa bibi mmoja, jirani yangu wa siku nyingi, aliyerithi makasha matatu kwa babake. Sikumwahidi kitu. Bibi alitukaribisha vizuri, tukanywa chai ya tangawizi, lakini nilipoyataja makasha alinyamaza kidogo. "Walikuja wengi, mwanangu," akasema. "Hutwaa, wakenda, wasirudi."

Neno lile lina historia ndefu. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki yapata 1840, zilikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alifariki 1890, akishirikiana na mmishenari Mwingereza W. E. Taylor. Bila ya Sikujua, sehemu kubwa ya Muyaka ingezikwa na wazee waliomhifadhi kwa moyo. Hilo tulishukuru. Lakini karatasi za Taylor leo ziko London, katika Chuo cha SOAS, na diwani yenyewe ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Mtoto wa Kuze anayetaka kuuona mwandiko uliomhifadhi malenga wa mji wake hana budi kukata tikiti ya ndege. Bibi hakuwa amesoma habari hizi popote. Alizijua kwa namna nyingine.

Siku ya kwanza hatukufungua kasha. Wala siku ya pili. Siku ya tatu bibi alimwita binti peke yake chumba cha ndani, nami nikabaki ukumbini na kofia yangu. Hapa nilijifunza jambo ambalo halikuwa katika fomu yoyote ya chuo. Vitabu hivi aghalabu hukaa vyumba vya ndani, na wanaovitunza ni wanawake. Mwanafunzi mwanamume angekomea nilipokomea mimi. Basi mpangaji wa mafunzo haya na alete wanafunzi wawili wawili, na walau mmoja awe wa kike.

Kazi ilipoanza ndipo nilipoona thamani ya msimamizi. Maktaba zetu nyingi hutumia mpango wa namba wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Humo dini imepewa namba 200 hadi 299. Ukristo umejinyoosha katika sehemu kubwa ya namba hizo, na Uislamu umebanwa ndani ya 297. Fasihi ya Kiswahili nayo ina 896.392. Binti alizijua namba hizo kama alhamdu. Kisha akafungua juzuu moja: mwanzo ni utenzi wa maisha ya Mtume, katikati dawa za homa, na kurasa za mwisho hesabu za deni la mchele. Aliniangalia. Nami nilimwangalia. Tulikubaliana kwamba tutaandika kwanza kilichomo, ukurasa kwa ukurasa, na namba itajitafutia mahali pake baadaye.

Kuna mengi ya namna hiyo. Vitabu hivi havina ukurasa wa jina. Mtungaji akijitaja hujitaja katika beti za tamati, na mnakili humfuata nyuma na tarehe yake ya Hijra. Aliyefunzwa kulitafuta jina kwenye jalada atamfanya mnakili kuwa mtungaji, na kosa hilo likishaingia katika orodha litanukuliwa karne nzima. Tena, chini ya ukurasa mara nyingi huandikwa neno linaloanza ukurasa unaofuata, na kwa neno hilo hujulikana kama pana karatasi iliyopotea. Na khati ya zamani ilitumia herufi ile ile ya ba kwa sauti ya b na ya p, kwa hivyo "bata" na "pata" huandikwa sawa sawa. Asiyeijua lugha kwa sikio hawezi kuisoma kwa jicho. Binti alikuwa mwenyeji wa bara, hajui khati. Bibi aliijua khati lakini hakupata kusikia habari za Dewey. Wakaketi mkekani, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na mwisho wa juma la sita walikuwa na orodha ya vitabu 31.

Mhadhiri wa binti alifika mara moja. Alikaa muda usiofika saa, akauliza daftari la mahudhurio, akalitia sahihi, akawahi basi. Hakuomba kuiona orodha. Simlaumu sana, maana huenda alikuwa na wanafunzi wengine miji mingine na nauli ya kuunga. Lakini huo si usimamizi. Usimamizi ni mtu anayejua kazi kuketi na mwanafunzi walau saa mbili kila juma, akaisoma orodha aliyoiandika, akamwonyesha alipokosea na kwa nini.

Makerere walifungua Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzisha kitivo chake cha elimu ya habari mwaka 1988. Kwa hivyo si wageni wa fani hii, wala hatuwezi kusingizia uchanga. Kutoka Eldoret hadi hapa ni zaidi ya kilomita 750. Mhadhiri hawezi kuja kila juma, hilo ni wazi. Basi chuo na kiteue msimamizi mkaazi wa Mombasa, awe mkutubi wa kaunti, wa makumbusho, au hata mstaafu, na kimlipe. Ni mara ngapi tumeombwa kufunza "kwa ajili ya taifa" na watu wanaolipwa posho ya kuja kutuomba!

Makubaliano yaandikwe miezi mitatu kabla, yatiwe sahihi na chuo, na kaunti au makumbusho, na mwenye kitabu. Ndiyo, mwenye kitabu, maana katika fomu nilizoziona yeye ndiye asiyetajwa kabisa. Waandike kazi itakayofanywa, nani atakata bima, na nini kitabaki nyumbani baada ya mwanafunzi kuondoka. Na wasianze Mei. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote hapa, karatasi hunata kama halua, na ukizilazimisha hupasuka. Waje Julai, kusi likivuma.

Nimeambiwa na kijana mmoja, mjuzi wa mitambo, kwamba haya yote ni ya kizamani. Piga picha kila kitu, akasema, weka katika intaneti, yakaisha. Picha sizipingi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na asili zake zimebaki nchini, kama mpango ule unavyotaka. Ni kazi njema. Lakini picha elfu zisizo na orodha ni kasha jingine lililofungwa, na orodha huandikwa na mtu aliyefunzwa. Huyo mtu ndiye tunayemzungusha ofisi kwa ofisi na barua iliyolowa.

Binti alimaliza majuma yake 12. Orodha aliichapa nakala mbili, moja ikaenda chuoni na moja bibi akaiweka juu kabisa ndani ya kasha, chini ya kitambaa. Nimekiandikia chuo kile barua mbili, kueleza haya niliyoyaeleza hapa na kuuliza kama mwakani wataleta wengine wawili. Sijajibiwa. Bibi hunisimamisha kila nipitapo mlangoni pake nikienda Marikiti, akaniuliza mjukuu wake atarudi lini. Tulimaliza kasha moja tu. Mawili bado hayajafunguliwa.