MTEJA AKIOMBA TURBO, MUULIZE KWANZA INJINI

Wadau, leo naongea zaidi na sisi tunaouza spea za magari mtandaoni, ila hata wewe unayeuza simu au majiko kaa hapa, kuna sehemu itakugusa.

Kila nikifungua simu nakutana na tangazo la aina moja: TURBO KIT KAMILI, INAFUNGA GARI ZOTE, ONGEZA NGUVU LEO. Ukiangalia picha ni turbo moja tu inang'aa. Hakuna bomba, hakuna mpira, hakuna chochote. Sasa ukamilifu uko wapi hapo? Msimamo wangu ni huu: hakuna turbo inayofunga gari zote, na ukimuuzia turbo tupu mtu mwenye gari ambalo kiwandani halikuja na turbo, umemuuzia injini mbovu kwa bei ya turbo. Hiyo biashara tuiache.

Najua jibu lenu. "Mteja ni mtu mzima, kaomba turbo mpe turbo, mengine ni ya fundi." Jirani yangu wa frem ananiambia hivyo kila siku. Sikubaliani naye, na ili mnielewe lazima niongee ufundi kidogo. Mimi ni form four tu, haya nimeyapata kwa kukaa gereji na mafundi na kusoma usiku kabla ya kuagiza mzigo. Kama nimeelewa mimi, na wewe utaelewa.

Turbo ina feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, ya pili inavuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili ya injini. Oili ikichelewa au ikiwa chafu, turbo imekwisha. Na oili ikishapita pale lazima irudi chini yenyewe kwa mteremko, kwa hiyo lazima fundi atoboe na kuweka njia ya kurudia. Hilo bomba la oili, kwenye picha ya tangazo liko wapi?

Sasa njoo kwenye hesabu. Usawa wa bahari, hewa ya kawaida ina presha ya kama 14.7 psi. Ukiongeza 7 psi za turbo, umeongeza karibu nusu ya hewa yote inayoingia. Hewa ikiongezeka hivyo, petroli nayo lazima iongezeke. Nozeli za zamani hazitoshi, pampu inaweza isitoshe, na kontroli boksi ya gari haikuandikiwa hesabu za hewa hiyo. Petroli ikipungua ndani ya silinda, joto linapanda, mchanganyiko unajilipua kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Ndiyo ile unasikia injini inagonga, siku mbili tatu baadaye mtu anasema imenoki.

Halafu kuna kompresheni. Hapa ndipo wauzaji wengi hatuangalii, na ndipo Toyota wenyewe walishatuonyesha jibu. Chukua injini ya 1JZ, ile ya Mark II, wengi mnaijua. 1JZ-GE ya VVT-i, isiyo na turbo, kompresheni yake ni 10.5 kwa 1. Ndugu yake 1JZ-GTE ya VVT-i, yenye turbo, ni 9.0 kwa 1. Nenda 2JZ: GTE ya turbo ni 8.5 kwa 1, GE iko 10 na kuendelea. Kampuni ileile, injini za familia moja, lakini walipotaka kuweka turbo walishusha kompresheni, wakabadilisha pistoni, wakaongeza njia za kupoza. Toyota na maabara zao zote walihangaika hivyo, sisi tunamwambia mtu afunge Jumamosi na Jumatatu aende kazini?

Nisieleweke vibaya. Inawezekana kuweka turbo kwenye gari lisilo nayo, watu wanafanya na magari yanatembea. Ila wanaofanikiwa wanaweka presha ndogo, 5 au 6 psi, wanabadilisha nozeli na pampu, wanaweka intakula ya kupoza hewa, plagi za baridi zaidi, geji ya kuangalia mchanganyiko wa petroli na hewa, na wanamlipa mtu anayejua kuandika upya kontroli boksi. Ukijumlisha hivyo vyote, turbo yenyewe inakuwa kipande kidogo cha bili. Mteja asiyeambiwa hilo anadhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza ameanza.

Mwezi wa pili kaka mmoja wa Mbeya aliniandikia inbox. Ana IST, anabeba abiria, gari ni la mkataba: kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye gari mpaka deni liishe, ndipo liwe lake. Akasema mlimani gari linachoka, anataka turbo, pesa anayo. Faida yangu pale ilikuwa kama laki mbili na nusu, na kodi ya frem ilikuwa imebaki siku tisa. Msidhani haikuniuma.

Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, sawa na Nairobi kwa kukadiria, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na turbo lazima ipungukiwe nguvu. Lakini IST yake ni ya 1NZ, kompresheni 10.5, imetembea sana, na gari bado ni la mtu. Injini ikinoki, hesabu ya wiki haisubiri. Nikamwambia, "Kaka, turbo sikuuzii. Anza na plagi na air cleaner, na fundi akague masega ya kwenye ekzosi kama hayajaziba." Akakasirika, akasema nambania. Kesho yake akanunua plagi. Gereji wakakuta masega yameziba kweli. Gari halikugeuka ndege, ila mlima linapanda, na mkataba unaendelea.

Jirani wa frem alipoiona ile meseji alicheka, eti nimeuza plagi badala ya turbo. Sawa. Ila yeye anauza mpaka turbo ya umeme, na hiyo nayo niiseme, maana imejaa mitandaoni na wengi humu mnaiagiza kwa sababu ni rahisi na nyepesi kusafirisha. Ni feni ndogo ya volti 12 unayoweka kwenye bomba la hewa. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza kama lita 6,000 za hewa kila dakika. Kuisindilia hewa hiyo mpaka ifike presha ya turbo ya kweli kunataka zaidi ya kilowati 5. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 400. Angalia sasa waya wa kale kafeni, mwembamba kama wa redio. Mara nyingi kanazuia hewa badala ya kuiongeza. Magari ya kiwandani yenye kompresa ya umeme yapo, ila Audi kwa mfano waliweka umeme wa volti 48 kwa kazi hiyo, na turbo za kawaida bado zilikuwepo.

Kile kifilimbi cha kuchomeka kwenye ekzosi kipige mluzi wa turbo mimi nauza, sina shida nacho. Nakiita filimbi. Mteja ananunua sauti, anapata sauti.

Kwa anayetaka nguvu za kweli na ana pesa, mara nyingi namshauri abadili injini nzima: achukue iliyozaliwa na turbo, na waya zake, kontroli boksi yake na gia boksi yake. Ni ghali mwanzoni lakini kila kitu kimetengenezwa kukaa pamoja. Akumbuke tu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yaandikishwe na bima waambiwe, asije akakwama siku ya kuuza gari au siku ya ajali.

Turbo bado nauza, hasa kwa wenye magari yaliyokuja nayo na imekufa. Tangazo langu linasomeka hivi, chukueni mbadilishe mnavyotaka:

"Turbo used kutoka Japani, ya 1JZ-GTE VVT-i. Inauzwa yenyewe, bila mabomba ya oili wala gasketi. Shafti imekaguliwa, video ipo. Kama gari lako halikuja na turbo, nitumie kwanza aina ya injini, kilomita ilizotembea na jina la gereji itakayofunga. Nikikuambia haikufai, usinune, plagi ninazo."